Histolojia ya tumbo la pomboo

Histolojia ya tumbo la pomboo ni elimu ya tishu za tumbo la pomboo jinsi zinavyoonekana kwa hadubini. Huenda pamoja na histokemia, yaani elimu ya kemikali zilizomo ndani ya tishu hizo. Pomboo (familia Delphinidae) ni mamalia wa baharini wanaokula samaki, ngisi na kamba. Meno yao ni ya kushikia windo, si ya kutafunia, kwa hiyo chakula humezwa kizima.

Tumbo la pomboo lina vyumba kadhaa vinavyofuatana. Kwa sababu hiyo vitabu vingi hulilinganisha na tumbo la ng'ombe, na wasomaji wengine hudhani kwamba pomboo hucheua. Ulinganisho huo unafaa kwa umbo la nje tu. Kipande chembamba cha ukuta wa tumbo kikitazamwa kwa hadubini huonyesha mnyama anayekula nyama: chumba cha kwanza kimefunikwa kwa tishu ngumu inayofanana na ngozi, cha pili kimejaa tezi za asidi na pepsini, na vinavyofuata vina tezi za ute.

Mpangilio wa vyumba

Chakula kikitoka katika umio huingia kwanza katika tumbo la mbele, kisha katika tumbo kuu. Kutoka hapo hupita katika vyumba viunganishi, ambavyo ni vidogo na vyembamba, na kufika katika tumbo la piloriki. Mwisho wa tumbo la piloriki kuna msuli wa mviringo unaofunga na kufungua njia ya kwenda kwenye utumbo mwembamba. Baada ya msuli huo duodeni huanza kwa sehemu iliyopanuka kama kifuko, nayo huitwa ampula ya duodeni.

Idadi ya vyumba hutofautiana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Sababu kubwa ni kwamba waandishi wengine waliihesabu ampula kuwa chumba cha tumbo, na wengine walihesabu kila chumba kiunganishi peke yake. Kwa macho matupu ni vigumu kuamua, kwa sababu ampula inafanana na tumbo kuliko inavyofanana na utumbo. Hadubini ndiyo inayotoa jibu. Chini ya utando wa ute wa ampula kuna tezi za Brunner, na katika mamalia tezi hizo ni alama ya duodeni. Kwa hiyo ampula ni utumbo, hata kama umbo lake linadanganya.

Pomboo hawana kifuko cha nyongo. Nyongo kutoka katika ini na majimaji ya kongosho hufika katika duodeni kwa mfereji mmoja, unaofunguka mbele ya ampula.

Mpangilio huu si wa jamii zote za nyangumi wenye meno. Nyangumi wa familia Ziphiidae hawana tumbo la mbele. Vilevile Pontoporia blainvillei, pomboo mdogo wa pwani za Brazil, Uruguay na Argentina, hana chumba hicho: umio wake huingia moja kwa moja katika tumbo kuu.

Utayarishaji wa tishu

Tishu ya tumbo huharibika mapema kuliko tishu nyingi za mwili. Mnyama akifa, damu huacha kuzunguka na ute unaolinda ukuta hauongezwi tena, lakini asidi na pepsini zilizokwisha kutolewa huendelea kufanya kazi. Tumbo kuu huanza kujimeng'enya lenyewe. Kwa pomboo tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu tabaka nene la mafuta chini ya ngozi huzuia joto la mwili lisitoke, hata kama mzoga uko ndani ya maji. Katika nchi za joto saa chache zatosha kuondoa seli za juu za tumbo kuu, na mtazamaji asiye na uzoefu anaweza kuudhani uharibifu huo kuwa ugonjwa. Dalili ya kutofautisha ni kwamba kidonda kilichotokea wakati wa uhai huzungukwa na seli nyeupe za damu na tishu ya kovu, ilhali uharibifu wa baada ya kifo hauna mwitikio wowote wa mwili.

Kwa hiyo vipande vidogo hukatwa mapema na kuwekwa katika fomalini, ambayo huunganisha protini na kusimamisha vimeng'enya. Baadaye huondolewa maji kwa alkoholi, hugandishwa ndani ya nta ya parafini na kukatwa vipande vyembamba sana, vya mikromita chache tu.

Vipande hivyo karibu havina rangi, basi hutiwa rangi. Hematoksilini hufanya viini vya seli kuwa vya buluu, na eosini hufanya protini nyingi kuwa za waridi. Kwa ajili ya ute hutumiwa njia mbili nyingine. Ya kwanza ni PAS: asidi ya peryodiki huvunja viungo fulani ndani ya sukari, kisha kemikali ya Schiff hushika mahali palipovunjika na kutoa rangi nyekundu ya zambarau. Ya pili ni buluu ya alsiani, ambayo hushika ute wenye asili ya asidi. Zikitumiwa pamoja, ute usio na asidi huonekana mwekundu, na wenye asidi huonekana wa buluu.

Tumbo la mbele

Tumbo la mbele ni mfuko wa misuli mizito. Uso wake wa ndani ni mweupe, mgumu kidogo, wenye mikunjo mikubwa. Umefunikwa kwa epithelia bapa yenye tabaka nyingi: seli za chini, zilizo karibu na mishipa ya damu, hugawanyika na kusukuma seli kongwe kuelekea juu, na kadiri zinavyopanda hubapa na kujaa keratini, protini ileile inayopatikana katika kucha na nywele. Seli za juu kabisa hukwaruzwa na chakula na kubanduka, na nafasi yake huchukuliwa na zilizo chini. Epithelia ya namna hiyo ndiyo iliyomo katika umio, na kwa sababu hiyo wanaanatomia wengi huliona tumbo la mbele kuwa upanuzi wa umio.

Tezi hazimo katika ukuta huu. Chumba hiki hakitengenezi asidi wala pepsini. Hata hivyo majimaji yanayotolewa humo kwa mrija kutoka kwa pomboo aliye hai huwa na asidi kali. Maelezo ni kwamba mlango kati ya tumbo la mbele na tumbo kuu hauzuii majimaji kurudi: misuli ikijikaza, majimaji ya tumbo kuu husukumwa nyuma na kuchanganyika na samaki waliomezwa. Kwa hiyo mmeng'enyo huanza katika chumba ambacho hakina hata seli moja ya kumeng'enya.

Kazi ya chumba hiki hufanana na ile ya firigisi ya kuku. Katika firigisi nako kuna misuli minene na uso mgumu usio wa tezi za asidi, na majimaji ya kumeng'enya hutoka katika chumba jirani. Tofauti ni mpangilio: kwa kuku tezi za asidi zipo kabla ya firigisi, kwa pomboo zipo baada. Katika tumbo la mbele la pomboo hukutwa mifupa ya samaki, midomo ya ngisi na mara nyingine mawe. Vitu vilivyomezwa kwa bahati mbaya, kama vipande vya nyavu na plastiki, navyo hukwama humo, kwa sababu mlango wa kwenda mbele ni mwembamba kuliko mfuko wenyewe.

Tumbo kuu

Mpaka kati ya tumbo la mbele na tumbo kuu ni mkali. Weupe wa epithelia yenye keratini hukoma ghafla, na utando mwekundu wa giza huanza. Wekundu huo ni wa damu, kwani utando wa tumbo kuu ni mnene na una mishipa mingi midogo.

Uso wa ndani umefunikwa kwa tabaka moja tu la seli ndefu, kila moja ikiwa na ute katika nusu yake ya juu. Ute huo hushika rangi ya PAS kwa nguvu, maana yake sehemu kubwa yake haina asili ya asidi. Uso una vishimo vingi, na chini ya kila kishimo hufunguka tezi zilizo kama mirija myembamba iliyosimama bega kwa bega hadi chini ya utando.

Katika mirija hiyo kuna aina mbili za seli zinazofaa kuelezwa kwa kirefu. Ya kwanza ni seli za asidi. Ni kubwa, za mviringo au za pembetatu, na kwa eosini huonekana waridi iliyokolea. Rangi hiyo hutokana na wingi wa mitokondria, viungo vya seli vinavyotoa nishati. Nishati inahitajika sana hapa. Ndani ya seli, kimeng'enya cha anhidrasi ya kaboniki huunganisha kaboni dioksidi na maji, na kutokana na muungano huo hupatikana ioni za hidrojeni. Pampu ya protini iliyoko kwenye utando wa seli huzisukuma ioni hizo nje na kuingiza ioni za potasiamu badala yake, na kila mzunguko hutumia ATP. Ioni za kloridi hutoka kwa njia nyingine, na katika nafasi ya tezi hukamilika asidi hidrokloriki. Kwa hadubini ya elektroni seli hizi huonekana zimechimbwa na vijifereji vinavyoongeza eneo la utando wenye pampu.

Ya pili ni seli za pepsinojeni. Hizi huwa nyingi zaidi chini ya tezi na huelekea rangi ya buluu kwa hematoksilini, kwa kuwa zimejaa ribosomu zinazotengeneza protini. Hazitengenezi pepsini yenyewe, kwani pepsini ingeyeyusha seli iliyoizaa. Hutengeneza pepsinojeni, ambayo ni pepsini iliyofungwa kwa mnyororo mfupi wa amino asidi. Mnyororo huo hukatika pale pepsinojeni inapokutana na asidi nje ya seli.

Asidi ya tumbo kuu hufanya zaidi ya kuiamsha pepsini. Huyeyusha pia chokaa ya mifupa ya samaki. Kwa mnyama anayemeza samaki mzima jambo hili ni la lazima, kwani mifupa isiyolainika ingeweza kukwama au kutoboa njia nyembamba za mbele.

Vyumba viunganishi, tumbo la piloriki na ampula

Vyumba viunganishi ni vifupi na maelezo yake ni mafupi vilevile. Epithelia yake ni ya tabaka moja la seli ndefu zenye ute, na tezi zake zinafanana na za tumbo la piloriki. Wembamba wake unafanya kazi ya chujio: kinachopita ni chakula kilichokwisha kuwa uji.

Tumbo la piloriki lina uso laini zaidi kuliko tumbo kuu. Vishimo vyake ni virefu, na tezi zilizo chini yake zimejipinda na kutoa ute. Kwa PAS ukuta wote wa ndani huonekana mwekundu, kuanzia uso hadi chini ya tezi. Kazi yake kubwa ni kulinda ukuta na kulainisha uji unaokwenda kwenye duodeni.

Katika ampula, tezi za Brunner hutoa ute unaopunguza ukali wa asidi kabla chakula hakijafika mahali pa vimeng'enya vya kongosho, ambavyo havifanyi kazi katika asidi kali.

Seli za homoni

Kati ya seli za tezi kuna seli chache zilizotawanyika ambazo hazionekani vizuri kwa rangi za kawaida. Hizi hutoa homoni. Hutambuliwa kwa imunohistokemia, yaani njia ya kutumia kingamwili inayoshika homoni fulani tu na kuonyesha mahali ilipo kwa rangi. Mwaka wa 2012 kundi la watafiti likiongozwa na F. Russo lilichapisha matokeo kuhusu peptidi inayofanana na leptini katika njia ya chakula ya pomboo pua-chupa na ya simba-bahari wa Amerika Kusini. Leptini ni homoni inayohusiana na shibe na akiba ya mafuta, jambo lenye uzito kwa wanyama wanaotegemea mafuta kwa ajili ya joto na kuelea.

Ulinganisho na kiboko na ng'ombe

Nyangumi na pomboo wametokana na mamalia wenye kwato shufwa. Ndugu zao wa karibu zaidi walio hai ni viboko. Kiboko pia ana tumbo lenye vyumba na hacheui. Kwa hiyo tumbo lenye vyumba vingi linaweza kuwa urithi wa kale, ambao kila ukoo umeutumia kwa njia yake.

Chumba cha kwanza cha ng'ombe nacho kimefunikwa kwa epithelia bapa yenye keratini na hakina tezi. Hapo ndipo mfanano na pomboo unapofikia. Kwa ng'ombe uso huo umejaa vinyweleo vya nyama vinavyofyonza asidi za mafuta zinazotengenezwa na bakteria kutokana na majani, na hali ya asidi humo ni hafifu ili bakteria waishi. Kwa pomboo vinyweleo hivyo havipo, na asidi kali inayorudi kutoka tumbo kuu haiachi nafasi ya uchachushaji wa aina hiyo. Kwa nyangumi wenye mifupa-chujio hali si hiyohiyo: katika tumbo la mbele la nyangumi minki wa Atlantiki ya Kaskazini wamekutwa bakteria wengi pamoja na mazao ya uchachushaji.

Historia ya utafiti

Mwaka wa 1680 daktari Mwingereza Edward Tyson alichapisha kitabu kuhusu upasuaji wa pomboo mdogo wa familia Phocoenidae. Alitambua kwamba mnyama huyo kwa nje anafanana na samaki, lakini viungo vyake vya ndani ni vya mnyama wa miguu minne. John Hunter alieleza muundo wa nyangumi wa aina kadhaa, pamoja na matumbo yao, katika makala ya mwaka 1787.

Kazi inayotajwa zaidi kuhusu tishu ni ile ya R. J. Harrison, F. R. Johnson na B. A. Young ya mwaka 1970. Walichunguza umio na tumbo la jenasi tatu: Tursiops, Delphinus na Stenella. Mmarekani James G. Mead alilinganisha matumbo ya nyangumi wenye meno na kutumia idadi ya vyumba viunganishi kama msaada wa kupanga spishi za Ziphiidae. Mwaka wa 2017 Bruno Cozzi na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya anatomia ya pomboo.

Vidonda, minyoo na bakteria

Vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa pomboo, wa porini na wa kufugwa. Katika tumbo la mbele chanzo kinachojulikana zaidi ni minyoo ya jenasi Anisakis. Lava wake huishi katika samaki na ngisi, na hukomaa ndani ya tumbo la pomboo au nyangumi. Minyoo hujichomeka kwa makundi katika epithelia, na chini yake hutokea shimo lenye kingo zilizovimba. Lava haohao wanaweza kumwumiza mtu anayekula samaki mbichi. Hufa kwa kupikwa vizuri.

Braunina cordiformis, mnyoo bapa wenye umbo kama moyo, hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo la piloriki na ampula. Mwingine, Pholeter gastrophilus, huishi ndani ya ukuta wenyewe. Mwili wa pomboo humzungushia kolajeni nyingi, na matokeo yake ni vinundu vigumu vinavyoonekana hata bila hadubini.

Mwaka wa 2002 bakteria Helicobacter cetorum ilielezwa rasmi kuwa spishi mpya, baada ya kupatikana kwa pomboo na nyangumi. Ni ya jenasi moja na bakteria inayosababisha vidonda vya tumbo kwa binadamu. Ina kimeng'enya cha urease, kinachovunja urea na kutoa amonia, na kwa amonia hiyo bakteria hujikinga na asidi inayoizunguka.

Kwa pomboo wa kufugwa kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni ubora wa samaki wanaolishwa. Samaki wa jamii ya vibua na jodari wana histidini nyingi, na wakihifadhiwa vibaya bakteria huigeuza kuwa histamini. Histamini ndiyo ishara ambayo mwili wenyewe huitumia kuzihimiza seli za asidi. J. R. Geraci na K. E. Gerstmann waliandika mwaka 1966 kuhusu uhusiano wa histamini ya chakula na vidonda vya tumbo vya pomboo.

Tumbo kama ushahidi: mfano wa Zanzibar

Mabaki ya chakula ndani ya tumbo hutumiwa kujua pomboo wamekula nini, na hapa kemia ya tumbo huamua kinachobaki. Vijiwe vya sikio vya samaki ni vya kalisi kaboneti, kwa hiyo asidi huvipunguza na mwishowe kuvimaliza. Midomo ya ngisi ina kaitini, nayo hudumu muda mrefu zaidi. Hesabu inayofanywa bila kukumbuka tofauti hiyo huonyesha ngisi wengi kuliko walioliwa kwa kweli.

Huko Zanzibar Omar A. Amir na wenzake walichunguza matumbo ya pomboo wa spishi Tursiops aduncus walionaswa bila kukusudiwa katika nyavu za jarife, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waliwatambua samaki wa spishi nyingi pamoja na ngisi. Tarehe 28 Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Matumbo yaliyofunguliwa yalikuwa karibu matupu, yakiwa na mabaki magumu kama midomo ya ngisi, ambayo kwa jinsi yanavyodumu katika asidi hayawezi kuchukuliwa kuwa dalili ya mlo wa karibuni.